Siku Pumba Zilipoongea Mbele ya Wakwe

Nianze kwa kukiri, ili asitokee mtu wa kuninong'ona mgongoni: yule mwanamke anayesimuliwa pale soko la Mpondwe, hapa mpakani, yule aliyejamba mbele ya wakwe watu wamefumba macho kwa sala, ndiye mimi, Masika, muuza vitenge, mtoto wa kwanza wa fundi seremala wa Bwera, mwenye akili zangu timamu na meno yangu yote. Cheka, umalize. Mimi mwenyewe nililia kwanza, ndipo nikacheka. Lakini nikwambie, kule kujamba siyo aibu yenyewe ya siku ile. Aibu yenyewe ilikuja baadaye kidogo, kama muda wa kumeza mate mara mbili, na wengi hawaijui kwa sababu wanaosimulia huwa wameshavunjika mbavu kabla hawajafika hapo.

Twende polepole (ingawa polepole na mimi hatujawahi kukaa nyumba moja, kama mtakavyoona).

Baba yangu ana ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka. Ulianza na mkono wa kulia, mkono uleule uliotengeneza nusu ya milango ya Bwera, ukawa unatikisika hata akiwa amekaa tu, halafu hatua zikawa fupifupi, sauti ikashuka, uso nao ukakauka, yaani unamtolea kichekesho anakutazama tu kama askari wa mpakani anayekagua mzigo. Watu hawakosi la kusema. Kwanza wakasema Muzee amekuwa mlevi, angalia anavyotembea, baba yangu huyo ambaye kilevi chake ni chai ya maziwa! Halafu wakasema amerogwa. Nilishagombana na nusu ya mtaa, na mama alishafariki, kwa hiyo wa kugombana kwa niaba yake nilibaki mimi.

Sasa, mdogo wangu Kabugho, kitinda mimba wetu, akapata mchumba kutoka Kabatoro, kijana mzuri wa familia ya wafanyabiashara wa chumvi. Tukafurahi. Lakini kabla ya siku ya mahari kupangwa, baba mkubwa wa kijana, ambaye ndiye msemaji wao, akatuma mtu aulize kwa upole kama huo ugonjwa wa Muzee uko kwenye damu ya ukoo. Kabugho akalia siku nzima. Mimi nikataka kwenda Kabatoro siku hiyohiyo nimjibu mtu kwa mdomo wangu, Tantine Mbambu (huyu ni shangazi yetu, dada yake Baba) akanishika kitenge akaniambia, "Kaa chini, Masika. Weye ukienda kule, ndoa itakufia njiani."

Kwa ukoo wetu mahari ni mbuzi, na mbuzi wa kwanza hapokelewi na yeyote tu. Baba wa binti anasimama mbele ya watu, anaishika kamba kwa mkono wake mwenyewe, basi, hapo ndipo binti ameolewa, mengine yote ni chakula na hotuba. Na siku ilipopangwa, Baba akaniita asubuhi, tukiwa kwenye chai, kikombe chake nimekishika mimi kwa sababu akikishika yeye chai inabaki nusu, akaniambia kwa ile sauti yake ya chini:

"Masika, ile siku nisimame miye mwenyewe. Musinibebe. Kingine siombi."

Mtu mwenyewe hajawahi kuniomba kitu tangu nizaliwe. Nikasema, "Papa, utasimama." Na kuanzia hapo sikutulia tena. Nilikuwa nahesabu siku kama mtu anayengoja hukumu, mkono ukitikisika sana naruka, akijikwaa naruka, akinyamaza naruka vilevile.

Na tatizo kubwa wiki zile halikuwa hata mkono, lilikuwa tumbo. Baba alikuwa hapati choo. Siku nne, siku tano, siku sita, tumbo limejaa, chakula hakili vizuri, na tuliona hata vidonge vyake havimshiki kama zamani. Nikamchukua hadi Kasese, kwa daktari mmoja kijana, mpole, mwenye kuongea taratibu (kosa lake lilikuwa hilo, mtu akiongea taratibu mimi akili inatoka inaenda sokoni inarudi). Akatuambia hivi, na ninayakumbuka vizuri sasa, wakati ambapo hayanisaidii:

"Mama, tumbo ya mutu ndani iko na vidudu vidogo, inaitwa bakteria, mingi sana huwezi hesabu. Ingine ni mizuri, inafanya kazi. Chakula yake ni nyuzinyuzi: maharage, mboga ya majani, matunda, nafaka ambayo haijakobolewa. Sisi hapa tunapenda bundu, ugali ya muhogo, nyeupe, laini, kila siku hiyohiyo, nyuzinyuzi ndani ni kidogo. Sasa mutu wa Parkinson, choo inamukauka sana. Na wataalamu wanachunguza kama hizo bakteria ziko na mukono ndani ya hii ugonjwa. Bado hawajamaliza, kwa hivyo mutu asikuambie chakula inaponya. Lakini choo, itamusaidia."

Nikapenda sana. Kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie nyumbani kwetu, mtu ananipa kitu cha kufanya! Vidonge havinihitaji, Baba anameza tu, lakini kupika, kusaga, kulisha, hiyo ni kazi ya Masika. Daktari akaendelea: anza kidogo kidogo, kijiko kimoja wiki ya kwanza, cha pili wiki ya pili, maji mengi, maji mama, bila maji itakuwa mbaya zaidi, halafu vidonge ameze kwa maji nusu saa kabla ya chakula, usichanganye na maharage, vinagombana tumboni na dawa inachelewa kufika. Hapo simu yangu ilikuwa inalia, mzigo wangu wa vitenge umekwama mpakani, nimeshasimama, mkono mmoja kwenye mlango.

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia, dokta."

Na nilisikia kweli, jinsi unavyosikia redio ya jirani.

Tulipokuwa tunarudi Bwera nikafanya hesabu. Daktari anahesabu kwa wiki, mimi nina siku tisa. Nikawaza, hawa bakteria si ni kama vibarua tu, ukitaka shamba liishe haraka si unawaongezea chakula? Kama kijiko kimoja ni kizuri, kikombe kizima kitakuwa kizuri zaidi, na vikombe viwili vitamfikisha Baba kwenye ile kamba akitembea kama bwana harusi. Huo ndio uamuzi wangu mdogo. Hakuna aliyenishauri, hakuna wa kumlaumu, shetani mwenyewe alikuwa na shughuli zake kwingine.

Nikapitia kwenye mashine ya kusaga mahindi. Nikaomba pumba. Mwenye mashine ananijua, akashangaa, akauliza, "Masika, umeanza kufuga? Nguruwe iko ngapi?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Mbili."

(Mungu ananiona. Nilimaanisha kumnyamazisha tu, lakini angalia jinsi ulimi unavyoweza kutabiri.)

Nikapika uji wa pumba. Nikapika maharage asubuhi, maharage mchana, maharage jioni, sombe, yale majani ya muhogo, juu yake, viazi vitamu na maganda yake, pasheni na mbegu zake. Baba akaletewa kikombe cha kwanza, akakitazama, akakinusa.

"Hii iko ya kuku."

"Papa, iko ya bakteria."

"Basi bakteria bakule bo benyewe."

Nikabembeleza, nikanuna, nikataja ile kamba. Mwisho akasema sawa, atakula, ila kwa sharti moja: kipimo anachokula yeye nami nile hichohicho, mbele yake, bila kudanganya. Fundi seremala, akisema kipimo anamaanisha kipimo. Nikakubali, kwani nina shida gani, tumbo langu zima, la mtu mzima anayekula barabarani. Na kuhusu maji, Baba alikataa katakata: "Maji itanituma choo ya inje kila saa, na miguu iko inagoma." Nikaona tusigombane kwa mambo mawili, nikaacha maji.

Basi tukala. Siku ya pili tumbo langu likaanza kuongea peke yake. Siku ya nne nilikuwa nauza kitenge kwa mama mmoja wa Butembo, tumbo likanguruma, akatazama juu, akasema mvua inakuja afadhali awahi. Siku ya sita nikajifunza kutembea nyuma ya watu badala ya mbele yao. Nikajiambia hiyo ni kazi, vibarua wako shambani, wanafanya kelele kwa sababu wanafanya kazi! Lakini kwa Baba hakukuwa na kelele wala kazi. Kwake kila kitu kiliingia, hakuna kilichotoka. Tumbo likawa gumu, akawa anashika ukuta, na akiniangalia siwezi kujua ana maumivu kiasi gani, maana uso wake ndio ule. Nilimuuliza asubuhi na jioni, "Papa, iko inauma?" Ananijibu, "Iko sawa." Nilijua haiko sawa. Nilipaswa kusimama hapo. Badala yake nikaongeza kikombe, kwa sababu nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa naongeza.

Siku yenyewe ikafika, Jumamosi. Hema limefungwa uani, viti vimepangwa, masufuria yanachemka, Kabugho amefungiwa chumbani na mashoga zake, nami nazunguka, naonja mchuzi, nafukuza mbuzi wa jirani, narudi kumtazama Baba, naenda tena. Mpango ulikuwa wakwe wafike saa nane. Baba atapewa vidonge saa saba, saa nane miguu imefunguka, mambo tayari. Sasa niambieni, mmewahi kuona wapi wakwe wanafika mapema? Saa sita na nusu Tantine Mbambu akaja mbio anahema, "Bakwe beko kwenye barabara! Batu ya Kabatoro bamefika!"

Nikashika kichwa. Baba alikuwa hajala, hajameza dawa, na kumeza kwenyewe kunamchukua muda, kidonge kimoja anaweza kukaa nacho mdomoni kama mtoto na peremende. Nusu saa ya kungoja niitoe wapi? Nikachukua vidonge nikaviponda, nikavikoroga ndani ya uji wa pumba, nikaongeza na mchuzi wa maharage ili upite haraka, nikamnywesha kikombe kizima. Changu nikakinywa nimesimama, maana hata wakati ule mzee alinionyesha kwa kidole: na weye.

Wakwe wakaingia, wanaume mbele, wanawake na vikapu nyuma, mbuzi wanalia nje ya ua. Baba alikuwa amevaa koti lake, tukamtoa hadi mlangoni, mlango alioutengeneza mwenyewe, na hapo kizingitini miguu yake ikaganda. Wenye mgonjwa kama huyu wanajua. Siyo kwamba hataki, siyo kwamba hana nguvu, miguu inakataa tu kuinuka kana kwamba chini kuna gundi. Akabaki amesimama, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, mwingine unatikisika, na watu wote wamekaa wanamtazama. Nikasema moyoni, dawa, njoo, njoo sasa hivi. Dawa ilikuwa imekaa ndani ya pumba na maharage, haina habari na mimi.

Ili kuvuta muda nikasogea mbele kuwasalimia wakwe. Kwetu mwanamke husalimia wakwe amepiga magoti, nanyi mnajua heshima ya mkwe ilivyo, mbele ya mkwe hata kupiga miayo unaomba ruhusa. Nikapiga magoti mbele ya baba mkubwa wa kijana, Baba yuko mlangoni nyuma yangu, hatua mbili tu. Kitenge nilikuwa nimekibana kiunoni kwa nguvu zote kuficha tumbo lililovimba. Katekista wetu, mtu wa taratibu kuliko hata yule daktari, akasimama akasema, "Wapenzi, tunyamaze kwanza, kila mutu aongee na Mungu ndani ya roho yake, ndipo tusali."

Hema zima likanyamaza. Mbuzi nao, sijui nani aliwaambia, wakanyamaza. Nikainama kidogo zaidi ili nionekane mwenye ibada.

Ikatoka.

Nisifiche. Haikuwa ile ya kuteleza mtu akasingizia kiti. Ilianza chini, ikapanda, ikapumzika, watu wakadhani imekwisha, ikarudi na kiitikio. Siku tisa za pumba zote zilitaka kusalimia wakwe. Nilibaki nimefumba macho, nikasema, Bwana, nichukue saa hii hii, vitenge watauza.

Nilipofungua macho, hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Wote, Kabatoro na Bwera, walikuwa wanamtazama Baba.

Ndiyo, na sababu iko wazi. Mgonjwa ni yeye. Anayetetemeka ni yeye. Mzee, amesimama nyuma yangu, hawezi kusogea, uso haubadiliki. Nani atamshuku binti mzima aliyepiga magoti anasali? Na sasa nafika kwenye aibu yenyewe. Mimi nami niligeuka. Niligeuka nikamtazama Baba pamoja na watu, na mdomo wangu huu ukasema, kwa sauti ya huruma kabisa, kila mtu akasikia:

"Pole, Papa."

Baba akanitazama. Uso haukusema kitu lakini macho yalikuwa yake, yaleyale, na yalijua. Akasema polepole, "Haina neno, mutoto yangu."

Upande wa wakwe mama mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Ooh, mwili yake imemuacha kabisa." Baba mkubwa wa kijana akasimama, mtu wa heshima, siyo mbaya, akasema, "Mulete kiti. Mzee ni mugonjwa sana, apumuzike ndani. Kamba ya mbuzi ishikwe na mutu mwingine. Ama, kama familia inaona, hii shughuli tusogeze mbele kwanza, na sisi turudi tufikirie." Ile turudi tufikirie niliielewa, na dirishani nikasikia Kabugho ameielewa. Vijana wawili wa kwao wakaja, wakamshika Baba makwapani, wakamwinua. Ncha za viatu vyake zikawa zinaburuzika mavumbini. Kitu kimoja tu aliniomba.

Sijui nilisimamaje. Nilijikuta nimesimama, kitenge kimelegea, napiga kelele.

"Mumuweke chini! Siye Papa! Ni miye! Ni miye nimejamba!"

Katekista akashika rozari. Vijana wakasimama na Baba hewani. Nami nikishaanza siwezi kuacha, nikamwaga yote, daktari wa Kasese, bakteria, nyuzinyuzi, kwamba aliniambia kijiko nami nikaweka kikombe, kwamba aliniambia maji nikaacha, kwamba dawa ya Muzee iko tumboni imekwama kwenye maharage kwa sababu mimi nilikuwa na haraka, kwamba miguu yake leo nimeifunga mimi kwa mikono yangu, kwamba nimenunua pumba za nguruwe nikaulizwa nguruwe ngapi nikasema wawili, na hao wawili ndio sisi, mimi na Papa, na hapo nilipovuta pumzi niendelee, ikatoka ya pili. Fupi. Kama muhuri.

Tantine Mbambu alikuwa wa kwanza. Alianguka kwenye mkeka, anapiga mkeka kwa kiganja, machozi yanatoka. Halafu hema zima. Mama yule aliyesema mwili umemuacha alikuwa anajipepea kwa kitambaa hawezi kupumua. Baba mkubwa wa kijana peke yake hakucheka. Akamwendea Baba, ambaye walikuwa wameshamsimamisha, akainamisha sikio kwa sababu sauti ya Baba haifiki mbali.

"Mzee, hii mutoto anasema kweli?"

Baba akasema kitu. Mzee wa Kabatoro mabega yakaanza kutikisika, akageuka akawaambia watu: "Anasema ni kweli. Anasema, ya Masika imetoka, lakini yake bado iko ndani, watu wa mbele wajiangalie."

Jamani. Viti vilianguka. Wale wa mstari wa mbele walihama kweli! Kicheko kilipopungua, mzee yule akapangusa macho, akasema, "Mutu anaweza kuongea hivi, akili yake ni nzima kunishinda. Mimi mama yangu alitetemeka mpaka akakufa, na sisi tulisema ni pombe. Ndiyo maana niliuliza ile swali." Akanigeukia. "Sasa hiyo dawa itafika saa ngapi?"

"Sijui, mkwe. Nimeichanganya."

"Basi tutangoja. Chumvi tunangojaga jua wiki mzima, mutu tutashindwa?"

Wakangoja. Watu wote wa Kabatoro na wote wa Bwera, chakula kinapoa, mbuzi wamefungwa, walikaa kungoja kidonge kipite kwenye pumba. Baba akakalishwa kwenye kiti, mimi nikaambiwa nikae karibu naye, nimshike glasi ya maji, nisiende popote. Hicho ndicho kilichokuwa kipimo changu kikubwa kuliko aibu. Mguu wangu ulikuwa unachezacheza wenyewe, nainuka, Tantine ananitazama, nakaa. Baba akanywa maji kwa matone. Ilipita kama saa nzima na zaidi, sijawahi kukaa kiasi hicho hata kanisani. Nikaanza kuona mkono wake unatulia kidogo, halafu vidole vya miguu vikasogea ndani ya kiatu. Akasema, "Ngoja." Tukangoja tena. Halafu akasema, "Sasa."

Akainuka mwenyewe. Hatua fupi, ya pili, tumbo mbele kama mama mjamzito wa miezi tisa, hakuna aliyemgusa. Kijana akaleta mbuzi. Baba akanyoosha mkono, ukitikisika, kamba nayo ikitikisika, na mbuzi akitikisa kichwa, akaishika, akaivuta kwake. Vigelegele vikapasuka, na Kabugho akatoka chumbani kabla hajaitwa, mwiko huo, lakini siku hiyo nani angemsema wakati mimi nipo?

Jumatatu tulirudi Kasese. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka (aliomba atoke kidogo, akarudi macho mekundu), akamsaidia Baba tumbo likafunguka, akaniandikia kila kitu kwenye karatasi, akanisomesha kwa sauti. Sasa ni kijiko, maji, mboga, wiki kwa wiki, vidonge kwa saa yake. Choo anapata. Kutetemeka bado kupo, na sisemi kutaondoka. Sokoni wananiita Mama Pumba, wateja wanaziba pua wakicheka kabla ya kuuliza bei, na nimezoea.

Kitu kimoja tu kilinikaa kooni. Siku moja nikiwa namkata kucha nikamuuliza, "Papa, ile siku ulijua ni miye. Kwa nini ulikubali?"

Akanipa mkono wa pili. Halafu akasema, "Siku hizi munanibebea kila kitu. Kikombe, kijiko, hata kifungo ya shati. Nikaona ile kitu, nikasema, hii moja naweza kubebea mutoto yangu."

Nilimaliza kucha zile siioni hata moja. Na ndiyo maana nimeapa, sikilizeni wote mnaocheka: pumba sitapima tena kwa macho, na upepo wangu, popote utakapotokea, hata mbele ya askofu, nitasimama niseme ni wangu.